Nihamie Windows 11 au nibaki na 10 yangu?

SWALI

Dada Fundi, salamu nyingi na pole na kazi.

Mimi ni mfasiri. Nakuandikia nikiwa mbele ya laptop niliyonunua mwaka 2017: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha saba, RAM ya GB 8, Windows 10. Kila mara, nikiiwasha tu, kabla sijafungua hata faili moja, skrini nzima inafunikwa na tangazo la kuniambia kwamba Windows 10 imefika mwisho. Chini kuna vitufe, na mimi siku zote nabonyeza kile cha kunikumbusha baadaye. Hizo baadaye sasa zimekuwa nyingi mno.

Mpwa wangu anasema nitupe hii ninunue mpya. Mwenzangu wa kazini anasema nisiguse chochote, kinachofanya kazi kiachwe kifanye kazi. Wote wawili wanasema kwa uhakika kabisa, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mali zangu ni hizi. Nina folda moja inaitwa KAZI, ndani yake mna tafsiri zangu zote tangu 2011. Nina skana ya negativu na slaidi niliyorithi kwa marehemu baba, pamoja na masanduku ya picha zake. Sijamaliza hata nusu. Draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, ni ya enzi za Windows 7. Halafu nina kamusi niliyonunua kwenye CD, na walioitengeneza walishafunga duka. Mashine yenyewe imekuwa nzito: nikiiwasha naweza kwenda kuoga, nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Je, mfumo mpya utaitia nguvu? Nihamie au nibaki?

Mfasiri mwenye wasiwasi

JIBU

Salama dada yangu. Kazi tumeizoea.

Nianze na lile litakalokuudhi. Mlango unaouliza kama uingie, kwako umefungwa. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 ilikuja na masharti ambayo Windows 10 haikuwa nayo. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Inataka Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiacha chache za pekee, orodha inaanzia kizazi cha nane. Kwa AMD inaanzia karibu na Ryzen 2000. Tazama jina kamili la prosesa yako: kama ni i5-7200U, ile 7 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Umekosa kwa kizazi kimoja. RAM unayo na inabaki, diski unayo, lakini orodha ni orodha.

Mlio na mashine za 2018 na kuendelea, mkaambiwa nazo hazifai, msiziuze bado. Mara nyingi TPM ipo, ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows; Intel huiita PTT, AMD huiita fTPM. Kuna programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itakayokutajia ni kipi hasa kinachopungua. Ila kabla hujatia mkono kwenye BIOS, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na kama imefungwa, nakili ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Nimeshuhudia mtu mzima akitokwa na machozi mbele ya skrini inayomdai tarakimu 48 ambazo hakujua kama aliwahi kuwa nazo. Zilikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft muda wote, na nenosiri la akaunti lilikuwa kwenye kompyuta ile ile iliyofungwa.

Tukirudi kwako. Huo mwisho unaotangaziwa ni mwisho wa nini? Windows 10 haikufa tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka, inaandika, inaprinti kama jana. Kilichokoma ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa marekebisho ya matundu ya usalama, na Windows 10 ilikuwa ikiyapokea tangu ilipotoka Julai 2015. Sasa bomba limefungwa.

Wengi hudhani hatari yake ni kwamba siku moja atatokea mjuzi agundue tundu jipya. Hatari iko karibu kuliko hapo. Windows 10 na 11 ni ndugu wa tumbo moja. Sehemu kubwa ya msimbo wao ni ule ule. Kiraka cha 11 kikitoka, mwenye nia mbaya anakipakua kama wewe na mimi. Anakiweka kando ya faili la zamani, anatazama mstari uliobadilika, na hapo anajua tundu lilikuwa wapi. Halafu anakwenda kulitafuta kwenye 10, ambako hakuna aliyeliziba. Hahitaji kuwa mjuzi mkubwa. Ameshaonyeshwa njia.

Ndiyo maana hoja ya mwenzako, ya kuacha kinachofanya kazi kifanye kazi, inanitia mashaka. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapokea viraka, hawakuviweka tu. Mashine zao zilifanya kazi vizuri kabisa hadi asubuhi ya tarehe 12 Mei.

Utaniambia una antivairasi. Ni kweli, na Defender ya Windows 10 itaendelea kupewa taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Ni jambo jema. Lakini askari wa getini hazibi ukuta uliobomoka nyuma.

Basi ufanye nini? Ningekuwa wewe, leo hii ningejiandikisha kwenye mpango wa viraka vya ziada ambao Microsoft wanauita ESU. Unaongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa Windows 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Fungua Settings, ingia Update & Security, kisha Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Sharti ni uwe na toleo la 22H2 (andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia, litajitaja lenyewe) na uwe na akaunti ya Microsoft. Hulipi kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo; la hutaki, unaweza kulipa ada au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Hupati kipya chochote, ni viraka tu. Bora nusu shari kuliko shari kamili, na wewe unachohitaji ni muda.

Hapo pana mtego, na ninautaja kwa sababu umewanasa wasomaji kadhaa. Ukisikia "mipangilio imehifadhiwa", usidhani folda yako ya KAZI imehifadhiwa. Mipangilio ni picha ya ukutani na mambo ya namna hiyo. Na hata ukiwasha OneDrive, nafasi ya bure ni GB 5, na mfasiri wa tangu 2011 anaweza kuzimaliza kwa PDF za wateja peke yake.

KAZI ndiyo inayoninyima usingizi katika barua yako. Umeitaja kwa mstari mmoja ukapita, ukarudi kwenye suala la mfumo. Acha nikusimulie langu.

Mwaka 2009 nilikuwa napandisha toleo kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Diski ilikuwa moja ya GB 320, nimeigawa mara mbili: upande wa mfumo na upande wa mafaili. Mimi ni fundi, najua mambo, kwa hiyo kwanza nikanakili kila kitu kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Nikaweka CD, nikafika kwenye ile skrini ya kuchagua pa kufunga mfumo. Skrini ile haikuonyeshi picha za mtoto wako wala barua zako. Inakuonyesha mistari tu: Partition 1, Partition 2, na ukubwa wake. Sikuwa nimezipa sehemu zile majina. Moja iliandikwa 149.0 GB, nyingine 149.1. Nikabonyeza Format kwenye ile niliyokuwa na hakika nayo. Haikuchukua hata sekunde tano.

Sikuibiwa, diski haikuharibika, wala hakuna kampuni ya kuilaumu. Nilikuwa na nakala, ila nakala ilikuwa inaishi chumba kimoja na mwenye mali. Baadaye nilitumia programu ya kufukua yaliyofutwa, na ilifukua kweli: maelfu ya mafaili yenye majina kama f0482176.jpg, picha za familia zimechanganyika na vijipicha vya brauza na nembo za tovuti, hakuna tarehe, hakuna folda. Nilikaa Jumapili nyingi nikifungua moja moja. Mengine mpaka leo sijayafungua.

Kwa hiyo, kabla ya ESU, kabla ya mashine mpya, kabla ya kumsikiliza mpwa: nunua diski ya nje, nakili KAZI na picha za baba, kisha ichomoe. Diski iliyochomekwa muda wote si nakala, kwa sababu kirusi cha fidia kitaifunga pamoja na nyingine. Halafu ipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, fungua tafsiri moja ya zamani na moja ya juzi, uone zinafunguka. Watu hawafanyi hili la mwisho. Usiwaige hata pale mashine inaporuhusu kuhama bila kufuta kitu: toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilisitishwa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao hayapo. Lilirudi Novemba likiwa limerekebishwa. Mafaili hayakurudi nalo.

Sasa skana. Vifaa vya zamani ndivyo vinavyoamua mambo haya, kuliko uzuri wa menyu. Windows 11 haina toleo la biti 32. Kama Windows 10 yako ni ya biti 64 na skana inafanya kazi sasa hivi, kuna tumaini zuri kwamba draiva hiyo hiyo itakubali kwenye 11. Kama ni ya biti 32, draiva itabaki nyuma. Fungua System usome ilivyoandikwa. Ikibaki nyuma, jaribu VueScan, programu ya kulipia inayokuja na draiva zake yenyewe kwa maelfu ya skana ambazo watengenezaji wake walishazisahau. Kamusi ya CD nayo sheria yake ni hiyo hiyo: ikiwa inafunguka kwenye biti 64 leo, haina sababu kubwa ya kukataa kesho. Tafuta tu ile namba ya siri ya kuifungulia, kabla kasha halijapotea.

Lakini mimi nisingeisumbua skana hata kidogo. Laptop hii ya 2017 ninaiona hivi: imalize mwaka wake wa viraka, halafu istaafu iwe mashine ya skana na kamusi tu. Izime Wi-Fi moja kwa moja. Isome barua pepe za nani? Ikae mezani na slaidi za baba, na picha ukizihamisha, hamisha kwa flashi. Kompyuta isiyogusa intaneti inaweza kuzeeka kwa amani. Mpwa wako ana haki kwamba utahitaji mashine nyingine kwa kazi za wateja, na ukiinunua nunua yenye Windows 11 ndani tayari. Hana haki kwenye neno "tupa".

Kuhusu uzito, hapana, mfumo mpya hauitii nguvu kompyuta. Kiduara chako kina dalili zote za diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na sindano ndani. Laptop nyingi za miaka ile zilikuja nayo. Tega sikio karibu na pembe ya kibodi wakati inawaka: ukisikia mkwaruzo mdogo usiokoma, ndiyo hiyo. Badala yake wekewa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijaona pesa inayobadilisha kompyuta ya zamani kuliko ile ya SSD; mtu anaiwasha, anageuka kutafuta miwani, akigeuka tena imeshafunguka. Na kwa kuwa laptop itabaki kwako kwa ajili ya skana, pesa haitapotea.

Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, sijaitaja kwa sababu hukuiuliza. Ukipata udadisi, Linux Mint 22 unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukatembea ndani yake, ukaizima, Windows yako ikabaki ilivyo. Inaahidiwa viraka hadi 2029. Ila wateja wako wakituma Word yenye marekebisho ya rangi tatu pembeni, LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, itakufungulia na mara nyingine itakupangulia kidogo. Kwa mfasiri, hicho "kidogo" ni kikubwa.

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu alikuwa anacheza gemu kwenye kompyuta yangu, likatokea dirisha, akabonyeza kukubali. Niliporudi nikakuta Windows 11. Aikoni zote zimekimbilia katikati, nikibofya upande wa kulia menyu imekatwa nusu. Naweza kurudi 10? Leo ni siku ya nne.

Mwanafunzi

JIBU

Marahaba mwanangu. Unaweza, na una siku sita. Windows huweka mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old kwa siku 10, kisha huifuta yenyewe bila kukuaga. Nenda Settings, System, Recovery, utakuta kitufe cha Go back. Mafaili yako hubaki; programu ulizoweka baada ya kuhama ndizo zitakazoondoka. Ila usije ukasafisha diski ili kupata nafasi kabla hujaamua, maana ukiona GB 20 zimekaa bure mahali, huenda ndiyo hiyo njia yako ya kurudi.

Sasa nikuulize: unarudi kwa sababu gani? Kama ni aikoni, nenda Settings, Personalization, Taskbar, uzipeleke kushoto, ni mibofyo miwili. Menyu iliyokatwa nusu ina mstari wa chini kabisa, Show more options. Ukibonyeza, ile ya zamani inatokea nzima. Mimi mwenyewe iliniudhi miezi miwili, kisha nikaanza kuisahau. Ukirudi 10 unarudi kwenye nyumba ambayo mlinzi wake ameshaaga, labda ujiandikishe kwenye ESU niliyoieleza hapo juu. Rudi kama kuna kitu kimekataa: printa haichapi, sauti imepotea, programu ya masomo haifunguki. Na kabla ya kurudi kwa ajili hiyo, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako utafute draiva ya Windows 11. Siku nne za kwanza ndizo za matatizo ya draiva, na mengi huisha hapo.

Mdogo wako umfungulie akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi. Mambo kama haya yatakuwa yanaomba nenosiri lako kwanza.

SWALI

Mama, mimi natumia Mac. Kila mwaka Apple wanatoa macOS mpya na kila mwaka naogopa. Wewe husubiri muda gani?

Mpiga picha

JIBU

Mimi? Nasubiri marekebisho ya kwanza, yaani toleo linaloishia na .1, halafu nasubiri tena hadi nipate siku mbili tupu zisizo na kazi ya mtu. Unapopiga picha za watu, mfumo mpya wiki ya harusi ni kujitafutia kesi.

Woga wako si wa bure. Oktoba 2019 ilipotoka macOS Catalina, programu zote za biti 32 zilikoma kufunguka. Hazikuharibika, zilikataliwa. Waliokuwa na programu za kuhariri walizonunua zamani wakawa mbele ya mambo mawili: kubaki na toleo lililotangulia, Mojave, au kununua upya. Onyo lilikuwa limetolewa mwaka mzima kabla, kwenye dirisha dogo ambalo kila mtu alilifunga. Kwa hiyo usiulize "toleo jipya ni zuri?" Andika programu tano unazozilia pesa, tembelea ukurasa wa kila moja, tazama kama wametaja toleo hilo kwa jina. Usisahau vijiprogramu vya ndani ya programu, vile vya kulainisha ngozi na kupanga rangi. Hivyo ndivyo huchelewa kuliko mama yao.

Upande wa pili, usikae mno. Apple hawatangazi tarehe ya mwisho kama Microsoft, lakini kwa desturi yao viraka huenda kwenye toleo la sasa na mawili yaliyolitangulia. Ukiwa nyuma kwa toleo moja uko salama na umetulia. Ukiwa nyuma kwa manne, umeachwa, ni vile hujaambiwa.

Na kwenye Mac hakuna Go back ya siku 10. Kurudi nyuma ni kufuta diski na kuanza upya. Time Machine, programu ya Apple ya kuweka nakala, kwanza, kwenye diski ya nje, kisha ndiyo ubonyeze.

SWALI

Fundi mwenzio ameniambia anaweza kuniwekea Windows 11 kwa nguvu kwenye kompyuta ya 2014. Nimpe?

Msomaji wa siku nyingi

JIBU

Kufunga atafunga, si uongo. Kuna njia za kuruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na mashine itawaka na kukupendeza. Microsoft wanasema kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, ingawa kwa kawaida viraka vya kila mwezi hupita. Tatizo linakuja mara moja kwa mwaka, toleo kubwa likitoka: halijileti lenyewe, lazima mtu aje alipandishe kwa hila ile ile. Na kila toleo lina muda wake. Kwa Home na Pro ni miezi 24, kisha viraka vyake vinakoma kama vilivyokoma vya 10. Tena hila zenyewe hazidumu. Toleo la 24H2 lilianza kudai maagizo fulani ndani ya prosesa, na kwenye mashine kongwe kuliko yako haliwaki kabisa, hata ulisukume vipi.

Muulize fundi huyo kama atakuja kila mwaka, na kama safari ya mwakani imo kwenye bei ya leo. Kama jibu ni hapana, mwambie akuwekee Linux Mint kwa ada hiyo hiyo. Hiyo inaletewa masasisho yake bila hila, na mashine ya 2014 inaibeba bila kuhema.